Kwa Mama Mwamini Hakuna Nyota

Neema na Divine, karata ziko mikononi mwenu tangu masika yaliyopita, na mmekwisha kunionyesha kwamba mnajua kuzichanganya bila kuzikunja kona. Hilo sitalirudia. Nataka kuandika yale ambayo mikono haiwezi kumwonyesha mtu: siku zangu za kwanza, wateja walionitoa jasho, mama aliyenifundisha kazi, na mwanamke mmoja anayeitwa Nyota ambaye nimemwonea wivu tangu siku nilipomfahamu hadi leo hii ninapoandika. Mambo ya malipo nayaruka. Nikianza na hayo mtadhani nilikuwa na kazi nyingine ya maana zaidi.

Mtasikia wazee wa kanisa wakisema wivu ni dhambi. Sibishani nao. Kadhaa kati yao walikuwa wateja wangu, na wote walipitia mlango wa nyuma.

Nilifika Kabazana, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikitokea Uvira, na mwanangu Riziki mgongoni, na sufuria moja isiyo na mfuniko. Tuliwekwa kwenye ukumbi mmoja wa mapokezi, watu wa kila lugha, tukingoja kugawiwa viwanja. Jirani yangu wa mkeka alikuwa mama wa Kirundi, mnene, mtaratibu, rozari shingoni, jina lake Generoza. Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha na turubai likavuja juu yetu. Kila mtu aliokoa blanketi lake. Yeye aliacha blanketi lilowe, akakumbatia kifurushi kidogo cha kitenge. Nikampa sufuria yangu akiweke humo, na kwa kuwa haikuwa na mfuniko, nikainama juu yake mpaka mvua ikakatika. Mgongo wangu uliloa, kifurushi hakikuloa.

Alipokifungua niliona picha za rangi: mfalme, mzee mwenye taa, mtu anayening'inia, jua lenye uso. Nilidhani ni watakatifu wa Kikatoliki ambao sisi Wapentekoste hatukufundishwa. Akacheka sana. Akaniambia ni karata za taro, aliachiwa Bujumbura na mwanamke Mbelgiji ambaye yeye alikuwa mpishi wake, na kwamba yeye huwasomea watu mambo yao kwa hizo. Tangu siku ile aliniita Mufuniko. Nililipenda jina lile kuliko nilivyomwonyesha.

Tulipopata viwanja vya karibu karibu nilianza kwenda kwake. Sikuanza na karata, nilianza na kufua kitambaa cha kutandikia. Halafu nikafundishwa mikono: osha, kausha, paka poda kidogo, kwa sababu karata hazipatani na unga wa muhogo na vumbi la huku huzifanya ziwe nzito. Msimu wa mvua unazihifadhi kwenye kopo la maziwa pamoja na kipande cha mkaa. Hayo mmeyaona kwangu. Mimi niliyaona kwake.

Majina ya karata yaliandikwa kwa Kifaransa, lakini Mama Generoza alikuwa na yake. Yule wa kichwa chini miguu juu, Kifaransa kilimwita aliyenyongwa. Mama Generoza alimwita Mwenye Kungoja, na hakuna mtu Nakivale aliyewahi kuuliza kwa nini. Ile ya mifupa haina jina hata kwenye Kifaransa. Alisema aliyeichora hakuthubutu kuipa jina, basi na sisi tusithubutu. Na alinifundisha jambo ambalo ndilo kazi yenyewe: "Karata haisemi, mwanangu. Ni mtu ndiye anasema. Karata inamupa tu pa kutazama."

Nilijifunza zote. Nilizijua hata kwa mgongo, kwa mikwaruzo yake. Nilijua ndege amekaa mti gani na mbwa wanabweka upande upi. Ningekuwa mwanafunzi wake peke yangu, ningekuwa mtu mwenye furaha, na maandishi haya yangekuwa mafupi.

Nyota alikuja kusomewa, akabaki. Alitokea Fizi, msichana wa Kibembe mwenye meno mazuri na kicheko kilichosikika mpaka kwenye foleni ya maji. Alikuwa amesoma shule kunizidi, tena Kifaransa chake kilikuwa cha darasani, lakini kukariri hakutaka. Siku ile ya kwanza aliinua karata moja, mwanamke uchi aliyepiga magoti kando ya maji, mitungi miwili mikononi, nyota juu yake. Chini imeandikwa L'Étoile. Akasoma, akatafsiri kuwa ni Nyota, akapiga makofi. "Hii njo miye," akasema. Mama Generoza akacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nasugua sufuria hapo hapo, na hakuna aliyenitazama.

Mnajua tunavyosema kwa Kiswahili kwamba fulani ana nyota, maana yake watu wanampenda bila yeye kujisumbua. Huyu alikuwa nayo kwa jina na kwa maana. Mimi naitwa Mwamini, na kwenye karata hakuna picha ya mtu anayeamini. Tangu siku ile, kila karata ile ilipotoka mikononi mwangu, ilinibidi nitaje jina la mwenzangu, na kwa sauti nzuri, maana ni karata njema. Nilikuwa nikimtangaza mshindani wangu kwenye kitambaa nilichokifua mwenyewe.

Sasa niwaeleze maana yake, kwa sababu hapo ndipo kijiba cha roho kiliponikaa. Mama Generoza alitufundisha kwamba Nyota hufuata Nyumba ya Mungu, ule mnara uliopigwa na radi na watu wawili wakianguka. Yaani baada ya kila kitu kuanguka, anabaki mwanamke asiye hata na nguo, na bado ana kitu cha kutoa. Mimi niliieleza hivyo hivyo. Niliiita tumaini, niliiita neema, nilitia maneno ya zaburi. Lakini wanawake wa huku, Mrundi kwa Mkongomani, wakiiona ile picha walikuwa na swali moja tu. Waliutazama ule mtungi, wakatazama ndoo zao, wakauliza kwa nini mwanamke mzima anamwaga maji. Maji yamepatikana kwa foleni ya nusu siku, halafu mtu anapiga magoti anayamwaga. Niliwaambia ni mfano. Walisema hata kwa mfano ni vibaya.

Mara moja, nikiwa katikati ya zaburi zangu, Nyota aliyekuwa akisuka nywele pembeni akajibu bila kuinua kichwa. "Hamwangi," akasema. "Mitungi ilikuwa muzito. Amefika, anatua muzigo."

Yule mama mteja akaweka mkono utosini, pale kata ya ndoo inapokaa, akaanza kulia taratibu kama mtu anayepumzika. Mimi nilikuwa nimesema maneno mengi, Nyota maneno machache. Sentensi ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyebeba maji kuliko yeye, mimi ndiye niliyeijua picha, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karata. Ilipita karibu yangu ikaenda kwake. Hata sasa nikiikumbuka naona joto masikioni.

Kesi ngumu ninayoikumbuka zaidi ni ya mama mmoja wa Kirundi, Mkatoliki, mkulima wa maharage. Alikuwa mpole, alinyoosha kitambaa kwa kiganja kabla ya kukaa. Ikamtokea Nyumba ya Mungu. Niliposema jina alitabasamu, akapiga ishara ya msalaba, akaisogeza karibu. Ndipo akaona moto juu, na watu wakianguka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alikuwemo. Hakusema wapi. Mimi nilikuwa na maelezo tayari, nikaanza: mnara ni kiburi, radi ni ukweli. Mama Generoza akanigusa goti ninyamaze. Nyota akainuka, akaleta kikombe cha maji, akakaa chini kando ya yule mama, bega kwa bega, akatazama naye picha kama watu wawili wanaotazama nyumba yao wenyewe. Shikeni hilo: kuna karata ambazo kazi yako ni kutazama tu. Nililijua baadaye nami nikalifanya kwa watu wengi, na lilifaa. Ila yule mama wa maharage, kila aliporudi, aliuliza kama Nyota yupo.

Kisha faili la Mama Generoza likakamilika na yeye akaitwa kwenda Kanada kwa mwanawe. Tulimsindikiza hadi basi. Kabla ya kupanda akatoa kifurushi cha kitenge. Nilijua, na Nyota alijua, na majirani wote walijua, kwamba karata ni zangu. Akanipa kweli. Akasema Mufuniko, hizi utazitunza. Halafu akaingiza vidole ndani ya kifurushi kilichokuwa tayari mikononi mwangu, akachomoa moja, akampa Nyota. Akamwambia hii ni jina lako, nenda nayo.

Nilitabasamu. Nilijikaza kisabuni mpaka basi likaondoka. Nilikuwa nimepewa karata zote isipokuwa moja, na tangu dakika ile sikuwahi kuziona zile nilizopewa.

Nyota akahamia Mbarara, akafungua chumba cha kusuka nywele nyuma ya soko, na humo akawa anasoma watu kwa karata ile moja. Nilipoambiwa nilicheka. Mtu atasomwaje kwa karata moja? Kila anayekuja anatokewa na ile ile! Lakini watu walienda. Walitoka huku wakapanda gari Kabingo, wakapita kwangu njiani wakinisalimia vizuri tu. Wafanyabiashara wa mpakani Kikagate walishusha mizigo yao wakaenda. Baadaye simu zilipokuja akawa anawatumia watu sauti mpaka Kanada na Ostralia. Na huku kwetu likazaliwa lile neno ambalo nyinyi mmelisikia mkidhani ni utani. Aliyelianzisha ni mteja wangu mwenyewe, baada ya kuchanganyiwa karata mara tatu.

"Mama Mwamini, juu ya nini ile ya nyota haitokake?" akauliza. Nikamwambia haipo. Akakusanya kitenge chake. "Aa, basi. Batu banasemaka kweli. Kwako hakuna nyota."

Nikaona dawa ni kuchoresha nyingine. Nilimwendea fundi wa mabango Kabingo, kijana wa Kinyankore, hodari wa kuchora mbuzi kwenye milango ya bucha. Nikamweleza: mwanamke uchi, mitungi, nyota. Akaniambia, "Nyabo, mama yangu, mimi nachora watu na nguo." Alikuwa muumini. Akanichorea mwanamke aliyevaa gomesi la kijani, mabega yamesimama, mishipi imefungwa, na madumu mawili ya njano, na nyota moja kubwa kama ya kofia ya askari. Nikaichanganya na zingine. Kwanza ilikuwa ngumu kuliko wenzake, kila mkono uliitambua. Pili, mtu akiiona alicheka, na mtu akishacheka vile hukutani naye tena siku hiyo. Mmoja aliniuliza huyu mama anatoka shirika gani. Nikaitoa. Sasa inaziba tundu la panya jikoni, na kwa hilo ni hodari.

Mtaniuliza kama nilikuwa msomaji mzuri. Nilikuwa mzuri sana. Wote waliosoma karata Nakivale na Mbarara kwa wakati wangu niliwasikia, na hakuna aliyejua picha kama mimi. Nilisema hivyo mara nyingi, na nadhani Riziki alinisikia mara nyingi zaidi.

Riziki ndiye niliyemtaka arithi. Nilimfundisha tangu akiwa mdogo kunyoosha kitambaa. Alikuwa na mikono mizuri na sikio la kungoja. Jioni wakati wa kumenya viazi nilimsimulia ile karata isiyokuwepo, magoti, mitungi, ndege, nikamwambia ilivyotoka kwenye kifurushi changu. Alipokuwa mtu mzima nikamwambia chukua kifurushi. Akasema ngoja kwanza. Akaenda Mbarara kununua uzi wa kusukia, akalala huko siku kadhaa, akarudi na nywele zimesukwa vizuri kupita kiasi. Nikamwuliza nani kakusuka. Akasema, "Mama, nimesomewa."

Kwa Nyota. Mtoto wangu mwenyewe, aliyekulia chini ya meza yangu, amepanda gari kwenda kusomewa kwa Nyota. Nilimwuliza kaambiwa nini, akakataa kusema. Kisha akafunga nguo zake akarudi Mbarara kufanya kazi ya kusuka mle ndani. Roho iliniuma nikashindwa kula. Mteja akienda unasema ni mteja. Huyu nilimbeba mgongoni mpaka Kabazana.

Nikamfuata. Mbarara niliuliza muuza ndizi mmoja. "Ile mama ya karata?" akasema. "Enda mbele, nyabo, ona mlango ya bluu. Wanawake mingi nakaa inje." Nikaona mlango wa bluu, nikaona wanawake, nikahesabu sura kadhaa zilizokuwa zangu zamani. Ndani kulinukia mafuta ya nywele. Riziki alikuwa akisuka kichwa cha mtu, akasimama, kisha akaendelea kusuka. Nyota alikuwa amenenepa na meno yamepungua, na kicheko kilikuwa kile kile.

"Yaya Mwamini," akasema, akiniita dada mkubwa. "Ikala."

Sikukaa. Nikamwuliza alimwambia nini mtoto wangu.

"Sikumuambia kitu, yaya. Mi sisemake kitu. Naulizaka tu: unaona nini?"

Akafuta mikono, akachukua karata chini ya taulo, akaiweka mezani mbele yangu. Miaka yote ile niliitamani karata ile. Nikainama niitazame. Haikuwa na picha. Ilikuwa nyeupe ya kuchakaa, laini kama ngozi, na kwenye kona moja rangi ya bluu kidogo ambayo ingeweza kuwa maji au uchafu. Nikamwuliza picha ilikwenda wapi.

"Mafuta ya nywele," akasema. "Na mikono ya batu. Ndege njo alianza kuenda, kisha miti, kisha uso. Nikaogopa batu batanikimbia. Kumbe hakuna hata moja aliuliza."

Nikasema basi Riziki aliona nini hapo. Nyota alimtazama Riziki. Riziki aliendelea kusuka mpaka mwisho wa ule mstari, akafunga ncha, ndipo akasema.

"Niliona weye, mama. Uko magoti fasi ya maji. Mitungi yote mbili iko mikononi. Lakini haumwangi. Unaifunika na mikono, hautaki hata tone itoke. Na mi niko nyuma, nangoja unipe."

Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia, na nikasimama tu na mkoba wangu. Lililoniuma halikuwa neno lenyewe, maana lilikuwa kweli nami nililijua. Liliniuma kwamba hakulisema kwangu. Alilibeba njia nzima kutoka Nakivale, akapita Kabingo nalo, akaja kulitua kwenye meza ya Nyota, mbele ya karata isiyo na kitu.

Nyota akaisukuma kwangu kwa kidole. "Beba, yaya. Mi nitaweza bila yake."

Angalau angeililia. Angalau angeishika kidogo kabla ya kuiachia. Niliigeuza, mgongo nao ulikuwa umefutika, mikwaruzo niliyoijua yote imekwenda. Nikairudisha juu ya taulo. Nikawa naondoka, naye akaniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza habari za kijijini: "Hivi ile mitungi, yote ilikuwa inamwangwa mu maji? Nimesahau kabisa."

Ni mimi peke yangu niliyejua. Ningeweza kwenda nalo hadi kaburini. Nikakaa. Nikawaambia mmoja ulimwagwa majini na mwingine ukingoni. Nikawaambia goti lipi lilikuwa chini, na nyota kubwa ilivyokuwa juu ya kichwa na zile ndogo zilivyoizunguka, na ndege mweusi juu ya mti wa nyuma, na uso wake, kwamba hakuwa na furaha wala huzuni, alikuwa mtu anayefanya kazi. Riziki aliacha kusuka. Nilipomaliza Nyota alisema asante, na wanawake wakasema asante, na mmoja wao akageuka akamwambia Nyota, si mimi, kwamba ni karata nzuri sana.

Ndipo niliporudi nikawaita nyinyi wawili. Karata mnazo, pungufu moja. Msiichoreshe, mmeona ya gomesi. Riziki yuko Mbarara, ananipigia simu kila Jumapili na tunaongea vizuri kuliko tulipokuwa nyumba moja. Kazi hakuitaka. Nimelikubali, ingawa sijalipenda.

Wiki hii alikuja mama mgeni kutoka Kabazana, mtoto mgongoni, hajui kwamba nimestaafu. Hakutaka nyinyi, hakutaka mfalme wala mzee mwenye taa. Alisikia kuna karata ya mwanamke na mitungi. Nikamwambia kwangu haipo, iko Mbarara. Nikamweleza mahali pa kushuka, soko, muuza ndizi, mlango wa bluu, nikamwambia akifika amwulize Riziki, aseme ametumwa na mama yake, ili asikae foleni. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nikasimama njiani nikamtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya kwenda Kabingo, na roho iliniuma vile vile kama siku ya basi.